Nani Alipie Reki na Glavu? Ruzuku za Vijana Kandoni mwa Mfereji wa Nakivubo

Neno ruzuku lina undugu na neno riziki. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na kuruzuku, kwa maana yake ya awali, ni kumpa mtu kile kitakachomwezesha kuishi. Katika lugha ya serikali na ya mashirika, ruzuku imekuwa fedha inayotolewa kwa kazi maalumu, isiyorudishwa, lakini inayodaiwa hesabu. Naomba uzishike sehemu hizo tatu za maana. Ukiondoa ya kwanza, unabaki na sadaka. Ukiondoa ya pili, unabaki na mkopo. Ukiondoa ya tatu, unabaki na jambo ambalo magazeti yetu huliandika kila juma katika habari za mahakamani.

Nimeanza na msamiati kwa sababu swali la leo limejificha ndani yake: miradi ya mazingira inayofanywa na vijana kwa mikono yao wenyewe, nani ailipie, na ailipie vipi? Ningeweza kulijadili swali hili kwa maneno ya jumla, kama linavyojadiliwa katika semina za hoteli. Nimechagua kulijadili mahali pamoja, Nakivubo, kwa sababu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba mazingira ni habari ya mbali.

Kwa wale msioijua Kampala, mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya mvua ya sehemu kubwa ya katikati ya jiji. Hupita kandoni mwa Kisenyi, soko la Owino na uwanja wa mpira wenye jina hilohilo la Nakivubo, ukateremka kuelekea Namuwongo na Bugolobi, kisha ukamwaga maji yake katika ardhioevu iliyo upande wa Luzira. Kutoka hapo maji huingia Ghuba ya Murchison, ambayo ni sehemu ya Ziwa Viktoria. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaliunganishi: maji ya bomba ya Kampala kwa miaka mingi yamevutwa Gaba, kwenye ghuba hiyohiyo, kilomita chache tu kutoka hapo. Kile kinachotupwa Kisenyi asubuhi kina njia ya kurudi mezani kwa mtupaji, na kati ya safari ya kwenda na ya kurudi kuna mafunjo.

Mafunjo hayo hayakupewa heshima yake mpaka wataalamu walipoyawekea bei. Mwaka 1999 uchunguzi wa uchumi wa ardhioevu ya Nakivubo, uliofanywa chini ya shirika la IUCN, ulikadiria kwamba kazi ya kusafisha majitaka inayofanywa na ardhioevu hiyo ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Mizizi ya mafunjo hunyonya virutubisho vilivyomo katika maji machafu na kupunguza vijidudu kabla maji hayajafika ziwani. Lakini sehemu kubwa ya mafunjo imefyekwa, na mahali pake pamepandwa magimbi. Simlaumu anayepanda magimbi. Gimbi huuzwa sokoni wiki hiihii, na mkulima hupata ada ya shule. Funjo humsafishia maji mtu wa Muyenga ambaye hatamlipa kitu mkulima huyo maishani mwake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, nami naomba uifuate polepole. Kazi ya mazingira ina tabia ya pekee: gharama huangukia mikono michache, faida husambaa kwa watu wengi wasiofahamiana. Kijana wa Kisenyi akizuia chupa mia mbili zisiingie mfereji, anayenufaika ni mama wa Namuwongo ambaye nyumba yake haikufurika, na mamlaka ya maji inayotumia dawa kidogo zaidi, na mvuvi wa Port Bell. Kijana mwenyewe amebaki na nguo chafu. Kwa kazi ya namna hiyo mkopo haufai, kwa sababu mkopo hulipwa kutokana na faida inayomrudia mkopaji, na hapa faida haimrudii.

Ilhali tazama ni fedha gani zinazotolewa kwa vijana wetu. Mpango wa serikali wa kuwawezesha vijana kiuchumi, ulioanza katika mwaka wa fedha wa 2013/14, huwapa vikundi vya watu 10 hadi 15, wenye umri wa miaka 18 hadi 30, fedha ambazo lazima zirudishwe ili wengine nao wakopeshwe. Mpango wa maendeleo ya parokia uliozinduliwa mwaka 2022, ambao hutenga shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, nao hukopesha. Siipingi mipango hiyo. Mwenye kufuga kuku akope, kwa maana kuku hutaga. Mfereji uliosafishwa hautagi.

Ruzuku halisi zipo, lakini mlango wake ni mwembamba. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaosimamiwa na UNDP, ulianzishwa duniani mwaka 1992 na umekuwa ukifanya kazi Uganda tangu 1998. Hutoa fedha kwa asasi za kiraia na vikundi vya jamii, wala hautaki kurudishiwa. Kati ya njia zote ninazozijua, huo ndio unaokaribia maana ya neno letu. Hata hivyo kikundi lazima kiwe kimesajiliwa, kiwe na akaunti ya benki na uongozi unaotambulika kisheria. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye miaka kumi na sita hawezi kutia sahihi mkataba. Kwa hiyo wale wenye muda, udadisi na nguvu nyingi kuliko wote hawahesabiwi kabisa.

Wanachopata badala yake ni siku ya usafi. Unaijua. Huja tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, au siku nyingine yoyote ambayo mgeni wa heshima ana nafasi. Niliwahi kuonyeshwa makisio ya fedha ya siku moja ya namna hiyo, na shirika lililoyaandika halina haja ya kutajwa hapa. Yalikuwamo mahema na viti, vipaza sauti, fulana zenye nembo, chakula cha mchana na mpiga picha. Reki na glavu hazikuwamo; ziliazimwa shuleni. Lori la kubebea taka halikuwamo pia. Vijana walijaza magunia, wakayapanga vizuri ukingoni, wakapigwa picha. Siku ya tatu mvua ilinyesha, na magunia yale yakarudi ndani ya mfereji yakiwa yamekwisha fungwa.

Fulana zile bado zinavaliwa, nakiri. Ni kitambaa kizuri.

Wengine watasema kwamba tatizo la Nakivubo ni kubwa mno kwa mikono ya vijana, na kwamba ni kazi ya fedha kubwa. Fedha kubwa zimekuja. Mwaka 1999 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuukarabati mfereji huu kwa zaidi ya dola milioni 20, na mfereji ukapanuliwa na kujengewa kingo. Baadaye ukajengwa mtambo mpya wa kusafisha majitaka Bugolobi, wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku. Mwaka 2025 jiji zima lilibishana kuhusu kuufunika mfereji kwa zege katikati ya mji, na mafuriko ya mwisho wa Oktoba mwaka huo yalipoingia madukani, ubishi ukawa mkali zaidi. Kazi hizo ni za serikali na wahandisi, na mtu asikudanganye kwamba klabu ya shule inaweza kuchukua nafasi yao. Ukimsikia kiongozi akiwasifu watoto kwa kuzibua mtaro ambao ofisi yake ndiyo yenye bajeti ya kuuzibua, mwulize kwa adabu bajeti hiyo imekwenda wapi.

Lakini zege haliizuii chupa. Chupa huingia mferejini kwa mkono wa mtu mmoja, mahali pamoja, saa fulani. Na mfuko wa plastiki, kaveera kama tunavyouita hapa, bado unauzwa ingawa sheria ya 2009 ilipiga marufuku ile myembamba ya chini ya maikroni 30. Pengo kati ya sheria na soko ni pengo la watu wanaojuana kwa majina, na humo fedha kidogo iliyo mikononi mwa vijana wa mtaa hufanya kazi ambayo mamilioni ya dola hayawezi kuifanya.

Nikisema kazi ya mikono, sisemi mwanafunzi aingie katika maji ya Nakivubo. Hili nalisema kwa ukali. Picha za watoto waliosimama magotini katika maji yenye kinyesi, wakitabasamu, si ushahidi wa uzalendo. Ni ushahidi kwamba mtu mzima hakufikiri. Maji hayo hubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kuyaingia ni kazi ya wafanyakazi wazima, wenye mabuti, chanjo na mshahara. Mfadhili yeyote anayetaka picha ya namna hiyo anyimwe.

Kazi ya mikono ninayoitaka hufanyika juu ya mfereji, kabla taka haijazama. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni vitu vinavyooza, na katika soko kama la Owino maganda ya matoke hutoka kwa magunia. Ganda la tokeni hilo, likitenganishwa mapema na plastiki, huwa mbolea, huwa chakula cha mifugo, au hukaushwa na kuunguzwa na kuwa mkaa wa kubumba. Lisipotenganishwa husafirishwa kwenda jalalani, na tunakumbuka Kiteezi: Agosti 2024 mlima wa taka uliporomoka huko na kuua watu zaidi ya 30, baadhi yao wakiwa majumbani mwao. Kikundi cha vijana kumi chenye mapipa, mkokoteni na uzio mdogo kinaweza kuzipunguza tani zinazokwenda mahali kama pale. Mapipa hununuliwa. Mkokoteni hununuliwa. Hivyo ndivyo vitu ambavyo ruzuku iko kwa ajili yake.

Au chukua upimaji. Kwa bomba angavu la plastiki lenye kisahani cha nyeusi na nyeupe chini yake, mwanafunzi anaweza kupima jinsi maji yalivyo mazito kwa tope, bila kuyagusa, maji yakiwa yametekwa kwa ndoo yenye kamba. Akipima mahali pamoja kila Jumatatu kwa mwaka mzima, akaandika tarehe na kama mvua ilinyesha, atakuwa na kitu ambacho hotuba haziwezi kukitoa: rekodi. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 unadai kazi za miradi, na tathmini ya shuleni sasa huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho. Shule nyingi zinahangaika kutafuta miradi. Nyingine, kwa bahati mbaya, zinawaambia wanafunzi wanunue vikapu sokoni na kudai wamevisuka. Mfereji unapita nje ya lango, ukiwa na maswali ya kutosha sayansi, jiografia, hesabu na lugha.

Wazee wa Buganda watanipinga kwa neno moja: bulungi bwansi. Watasema kwamba tangu zamani watu walitoka na majembe yao kusafisha kisima na barabara kwa ajili ya uzuri wa nchi, na hakuna aliyeomba ruzuku. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote, na sitaki fedha iue moyo huo. Lakini iangalie vizuri. Katika bulungi bwansi, wanaosafisha kisima ndio wanaokunywa maji yake. Jasho na faida hukaa kijiji kimoja. Mfereji wa Nakivubo hupokea taka za mji mzima, zikiwamo za watu wanaolala Mukono na Wakiso na kuja mjini kwa biashara tu. Kumwambia kijana wa Kisenyi abebe bure mzigo wa wote hao, kwa jina la mila, ni kuitumia mila vibaya. Mwanafunzi na ajitolee nguvu zake, maana naye anajifunza. Vifaa, usafiri na kinga vilipiwe. Kijana asiye shuleni, ambaye siku ya kazi ni siku ya kula, alipwe.

Namna ya kumlipa tunayo mfano wake karibu. Wangari Maathai alipoanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, wanawake wa vijijini walilipwa kiasi kidogo sana kwa kila mche waliootesha uliothibitika kuishi. Hawakulipwa kwa kuhudhuria mkutano wala kwa miche iliyopandwa siku ya sherehe ikafa kiangazi. Fedha za kuikuza kazi hiyo zilitoka nje, zikiwamo za chama cha misitu cha Norwei, lakini kanuni ya malipo iliwekwa na harakati yenyewe. Alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyokuwa imepandwa ilihesabiwa kuwa milioni 30. Linganisha na magunia yetu ya ukingoni. Kama kikundi cha Kisenyi kingelipwa kwa kila gunia lililopimwa na kupokelewa na lori, mvua ya siku ya tatu isingekuta kitu.

Ningependa pia ruzuku hizi ziwe ndogo na za muda mrefu. Wafadhili hupenda kinyume: fedha nyingi, miezi kumi na miwili, ripoti, kwaheri. Kwa kalenda ya shule za Uganda, miezi kumi na miwili ni mihula mitatu. Wa kwanza huishia katika vikao, wa pili katika kununua vifaa, wa tatu ni mitihani. Miaka mitatu ya fedha kidogo, zikitolewa kwa awamu baada ya kuonekana kazi, ni bora. Na ndani yake iwekwe sehemu ya ukarabati. Wapemba na Waunguja, Wamvita na Waamu, wote wana methali ya ufa na ukuta, na kila mradi uliokufa niliouona ulikufa kwa sababu ya gurudumu moja la mkokoteni ambalo hakuna aliyekuwa na fungu la kulitengeneza.

Kuhusu hesabu, sina huruma. Ibara ya 17 ya Katiba ya Uganda inaorodhesha wajibu wa raia, na humo, katika orodha ileile, umo wajibu wa kupambana na rushwa na matumizi mabaya ya mali ya umma, na umo wajibu wa kuyatunza mazingira yawe safi na yenye afya. Kikundi cha mazingira kinachoficha hesabu zake kimetimiza nusu ya wajibu kwa kuvunja nusu nyingine. Nataka mapato na matumizi yaandikwe ubaoni langoni mwa shule, kwa shilingi, kwa lugha inayosomeka. Mwalimu atie sahihi kwa sababu sheria inataka mtu mzima, lakini fedha isitoke bila mweka hazina mwanafunzi kuandika jina lake kando. Nasema hivi nikiwa mwalimu. Najua jinsi mradi wa wanafunzi unavyoweza kugeuka taratibu ukawa mradi wa mwalimu, na pikipiki ya mradi ikaonekana kanisani Jumapili.

Na ni nani atoe? Wafadhili wa nje wataendelea, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ina Mfuko wa Taifa wa Mazingira ndani yake, unaopokea, miongoni mwa vyanzo vingine, ada zinazotozwa chini ya sheria hiyo. Maoni yangu ni kwamba fungu la mfuko huo, hata dogo, litengwe kwa shule na vikundi vya vijana vilivyo kando ya mifereji na ardhioevu, na masharti yake yaandikwe ili klabu ya shule iweze kuomba kupitia shule yake bila kusajili asasi. Anayechafua akilipa, malipo yake yana sababu ya kufika pale anapochafua.

Linabaki suala la lugha, nami nisingekuwa mwalimu wa Kiswahili kama ningelipita. Fomu za ruzuku huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, chenye misamiati ambayo hata Waingereza wa kawaida hawaitumii. Matokeo yake, aliyeshika reki hawezi kuomba, na anayejua kuomba hajawahi kushika reki. Kati yao husimama mtu wa tatu anayelipwa kuandika maandiko ya miradi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika Katiba tangu marekebisho ya 2005, na Luganda ndiyo lugha ya Owino. Sioni kwa nini kikundi cha Kisenyi kisiruhusiwe kueleza kwa lugha hizo, kwa maandishi au hata kwa mdomo mbele ya kamati, kinataka kufanya nini na kitanunua nini.

Basi, wakati fomu hizo zikingojwa, fanya zoezi hili. Chagua kazi moja inayoweza kufanyika karibu na shule yako bila mtu kuingia majini. Andika kwa Kiswahili sanifu ukurasa mmoja wa maelezo na ukurasa mmoja wa makisio ya fedha, kwa shilingi, bei zote ukiwa umeziulizia mwenyewe dukani. Tofautisha ruzuku, mkopo, mchango na mshahara pale kila neno linapostahili. Usisahau gurudumu la mkokoteni. Fulana usiziandike.